Pengo la Paka Halizibwi kwa Paka

Kiswahili ni lugha tajiri mno katika uwanja wa msiba. Binadamu anapofariki, hutolewa tanzia, hupelekwa rambirambi, wafiwa huambiwa "makiwa" na "poleni", matanga huwekwa, na baada ya siku zilizopangwa matanga hayo huanuliwa ili walio hai warejelee shughuli zao. Kila hatua ina jina lake, na kila jina humsaidia mfiwa kujua alipo na aendako. Lakini paka aliyeishi na familia kwa miaka kumi anapokufa, utajiri huo wote hukauka ghafla. Aliyefiwa huambiwa mojawapo ya mambo mawili: ama "Kwani si paka tu?" ama "Usijali, utaletewa mwingine." Kauli ya kwanza ni ya dharau. Ya pili ni ya huruma, na aghalabu husemwa na watu wenye nia njema. Hata hivyo, zikipimwa kwa makini, zote mbili zimesimama juu ya msingi mmoja: kwamba paka ni kitu kinachoweza kubadilishwa na kingine cha aina yake, mithili ya balbu iliyoungua.

Makala hii inaupinga msingi huo, ila haiwapingi paka wapya. Inashikilia kwamba nyumba iliyofiwa na paka aliyependwa ina kila sababu ya kumpokea paka mwingine, au hata wawili, mradi wapokewe kwa nafsi zao na si kwa niaba ya aliyekufa. Pengo la paka halizibwi kwa paka. Kinachowezekana ni kuliacha pengo lilivyo na kuandaa nafasi nyingine kando yake. Anayeshindwa kutofautisha mambo haya mawili huishia katika mojawapo ya makosa mawili: ama hukimbilia kuleta paka kesho yake, ama huapa kutofuga tena maishani. Makosa haya huonekana kutengana kama mbingu na ardhi, lakini yametungwa katika uzi mmoja.

Inafaa kuanza na lugha yenyewe, kwa kuwa ndimo fikra za jamii zinamojificha. Kwa umbo lake, nomino "paka" haina kiambishi cha kuitambulisha kuwa ya kiumbe hai. Ingeweza kukaa pamoja na "nyumba" na "sahani" bila kushukiwa. Hata hivyo, upatanisho wa kisarufi wa Kiswahili sanifu umeiweka katika ngeli ya A-WA: paka amekufa, paka wawili wamezaliwa. Anayesema "paka imekufa", jinsi inavyosikika katika mitaa mingi ya Nairobi, hukosolewa na mwalimu tangu madarasa ya chini. Sarufi basi imekwisha kukata shauri: paka si kitu. Msamiati, kwa upande wake, haujafikia uamuzi huo. Binadamu hufariki, paka hufa tu. Binadamu huacha maiti, paka huacha mzoga. Kitenzi "kufuga" kinachotumiwa kwa paka ndicho hicho hicho kinachotumiwa kwa ndevu na kucha. Isitoshe, lugha haijatulia kuhusu jina la mnyama anayewekwa nyumbani kwa sababu tu ya kupendwa. Wengine husema mnyama wa nyumbani, wengine mnyama kipenzi, na wengine mnyama wa kufugwa, jina linalomweka paka zizi moja na ng'ombe anayengoja kichinjio. Mtoto asiye na wazazi huasiliwa. Paka asiye na mwenyewe huokotwa.

Upungufu huu wa kimsamiati una madhara. Mtu asiyepewa neno la kueleza uhusiano wake na paka atapata wapi neno la kueleza huzuni yake? Mtaalamu wa Marekani Kenneth Doka, katika kitabu alichokihariri mwaka 1989, aliijadili huzuni ya namna hii: ile ambayo jamii haimpi mfiwa haki ya kuionyesha wala kufarijiwa kwayo. Huzuni hiyo haitoweki kwa kunyimwa jina. Hujificha, na mwenye nayo huona haya kwa kuwa nayo. Mzee aliyefiwa na mke, watoto wakahamia mijini, akabaki na paka mmoja aliyemsubiri mlangoni kila jioni, hathubutu kuwaambia majirani kwamba amelia kwa ajili ya paka.

Kivumishi "mpya" nacho kinastahili kuangaliwa. Sahani mpya ni ile ambayo haijatumika. Thamani yake imo katika kutokuwa na historia. Mwalimu mpya si mwalimu ambaye hajatumika. Ni mtu aliyekuja na umri wake, sauti yake na namna yake ya kushika chaki, akaingia darasa lililokuwa na mwalimu mwingine kabla yake. Wanafunzi watamlinganisha na yule wa awali, na yamkini watamwonea kwa majuma kadhaa. Lakini hakuna mwalimu mkuu mwenye busara atakayemwagiza amwigize mwenzake aliyeondoka. Paka mpya ni mpya kwa maana ya mwalimu, si kwa maana ya sahani. Methali isemayo kipya kinyemi ingawa kidonda huonya kuhusu upya wa sahani, ule unaopendeza kwa kuwa ni upya tu, na ambao hukoma kupendeza pindi unapozoeleka. Kitoto cha paka kilichopokelewa kwa upya wa aina hiyo hushangiliwa Desemba, na si ajabu kikaonekana kinarandaranda sokoni kabla ya Pasaka.

Fasihi simulizi ya Waswahili haikunyamaza kuhusu mnyama aliyekufa na bwana aliyeshindwa kumlilia. Hekaya ya Sultani Darai, iliyokusanywa Zanzibar na Edward Steere na kuchapishwa mwaka 1870 katika kitabu chake Swahili Tales, inamhusu maskini aitwaye Hamdani, aliyekuwa akichakura jaani kutafuta punje za mtama. Siku moja aliokota thumuni, na badala ya kununua chakula akanunua paa. Majirani walimcheka: mtu asiye na chakula chake mwenyewe anunue mnyama wa nini? Paa huyo akawa ndiye chanzo cha neema yake. Kwa werevu na ushujaa alimpatia bwana wake mke, binti wa sultani, pamoja na jumba la fahari. Kisha paa akaugua. Hamdani alipopewa habari za mgonjwa, aliagiza apikiwe uji wa mtama, kwa hoja kwamba mnyama mwenyewe alinunuliwa kwa thumuni. Paa akafa kwa uchungu, akatupwa kisimani. Mkewe Hamdani akampelekea baba yake habari, na sultani akaja mwenyewe, akamtoa paa kisimani na kumzika kwa heshima. Hatimaye Hamdani aliamka, akajikuta pale pale jaani, anachakura.

Hekaya hii huweza kusomwa kama funzo kuhusu utovu wa shukrani, na usomaji huo ni sahihi. Hata hivyo, kosa la Hamdani ni la hesabu pia. Alipoulizwa kuhusu uhai wa paa, alijibu kwa bei ya paa. Kwake, yote waliyoyapitia pamoja hayakuwa yameongeza chochote juu ya thumuni ya siku ya kwanza. Anayemwambia mfiwa "utaletewa mwingine" huirudia hesabu hiyo hiyo, japo kwa sauti ya upole: paka alipatikana bure, basi hasara yake ni bure, na bure nyingine itatosha kuilipa. Ikumbukwe kwamba sultani, baba wa mkewe Hamdani, hakuja na paa wa pili. Alichofanya kwanza ni kuzika.

Hesabu ya Hamdani huwaumiza zaidi watoto. Chukua mfano wa mtoto anayesoma katika shule ya bweni. Muhula unapofungwa anarudi nyumbani, anamkuta paka wa rangi ile ile, anayeitwa jina lile lile na kulishwa katika sahani ile ile. Wazazi wamenyamaza, wakitumaini kwamba hatagundua. Mtoto hugundua, kwa kuwa paka huyu hajui kulala miguuni pake na hukimbia akiitwa. Hapo amefunzwa kwa mpigo mmoja kwamba kifo ni jambo la kufichwa, kwamba wapendwa hubadilishwa kimyakimya, na kwamba huenda naye angebadilishwa vivyo hivyo. Paka mgeni naye huadhibiwa kwa kosa asilolijua: kosa la kutokuwa mwingine. Heri mtoto angeambiwa kwa lugha nyoofu kwamba paka amekufa, si kwamba amesafiri wala amelala, akaonyeshwa alikozikwa, akaachwa alie.

Iwapo kuna anayedhani kwamba tatizo ni uhaba tu wa paka wa kufanana kabisa na aliyekufa, sayansi imekwisha kumjibu. Tarehe 22 Desemba 2001, katika Chuo Kikuu cha Texas A&M nchini Marekani, alizaliwa paka wa kwanza duniani kutokana na kunakiliwa kwa seli ya paka mwingine. Alipewa jina CC. Paka aliyenakiliwa, Rainbow, alikuwa na mabaka ya rangi tatu, mojawapo ikiwa rangi ya machungwa. CC alizaliwa bila hata baka moja la rangi hiyo, ingawa chembeurithi zake zilitoka kwa Rainbow. Sababu ni kwamba kwa paka jike mpangilio wa rangi hizo hutegemea ni kromosomu ipi ya X inayozimwa katika kila seli, na jambo hilo huamuliwa kwa bahati nasibu angali tumboni. Mnamo 2004 kampuni moja ya Marekani ilimuuzia mwanamke wa Texas nakala ya paka wake aliyekufa kwa dola 50,000. Kampuni hiyo ilifungwa miaka miwili baadaye. CC mwenyewe alizaa mwaka 2006, akaishi hadi 2020, akawa paka mwenye maisha yake. Ikiwa kunakili seli hakukuweza kurudisha hata manyoya, kutarudisha vipi miaka kumi ya asubuhi na jioni? Mazoea yaliyojengwa kati ya paka na mwenyeji wake hayamo ndani ya seli. Yamo kati yao wawili, na mmoja akiondoka, mwingine hawezi kuyajenga upya peke yake.

Hilo ndilo kosa la wenye haraka. Kosa la wanaoapa kutofuga tena ni la kiungwana zaidi, na halifai kukejeliwa. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Wapo waliomwona paka wao akigongwa na pikipiki, au akifa kwa sumu iliyowekewa panya, na hawataki kulipitia jambo hilo mara ya pili. Wapo pia wanaohisi kwamba kumkaribisha paka mwingine ni usaliti, kana kwamba aliyekufa angewaona na kuhuzunika. Kauli yao huwa moja: "Hatatokea kama yule." Kauli hiyo ni kweli tupu. Kasoro imo katika hitimisho linalotolewa kutokana nayo. Anayesema kwamba hakuna paka atakayelingana na wa kwanza, na kwa hivyo hakuna paka atakayeingia nyumbani, anakubali bila kujua dai la yule mwenye haraka: kwamba nafasi ya paka moyoni ni moja, na anayeingia sharti amwondoe aliyekuwamo. Mmoja anataka nafasi hiyo ijazwe leo na mwingine anataka isijazwe milele. Wote wawili wamesahau kwamba mwanamke aliyezaa watoto watano hakumgawia mtoto wa tano penzi la wa kwanza.

Maisha ya Sigmund Freud yanaonyesha jinsi fikra kuhusu jambo hili zilivyobadilika. Katika insha yake ya mwaka 1917 kuhusu maombolezo, alieleza kwamba huzuni ni kazi: mfiwa huondoa penzi lake kidogo kidogo kwa aliyepotea hadi awe huru kulielekeza kwingine. Mwaka 1920 bintiye Sophie alifariki. Mnamo 1929, katika barua ya kumfariji rafiki yake Ludwig Binswanger aliyefiwa na mwana, Freud aliandika kwa maana tofauti: kwamba badala ya mpendwa haipatikani kamwe, na kwamba hata pengo likijazwa, kilichojaza hubaki kuwa kitu kingine, na ndivyo inavyopasa kuwa, kwani kwa njia hiyo penzi lenyewe huendelea. Mwaka 1996, Dennis Klass, Phyllis Silverman na Steven Nickman walihariri kitabu kilichotilia nguvu wazo kwamba mfiwa hahitaji kukata uhusiano na aliyeondoka ndipo apone. Bila shaka paka si mwana, na hakuna mtu mwenye akili timamu atakayeiweka misiba hii miwili katika mizani moja. Hata hivyo, kanuni hubaki ile ile katika msiba mkubwa na mdogo: anayekuja ni mwingine, na wingine wake ndio unaolinda heshima ya aliyetangulia.

Huenda msomaji akauliza: je, jamii za Kenya hazina desturi ya kumrudisha aliyeondoka kwa njia ya jina? Miongoni mwa Wagikuyu, mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba. Jamii nyinginezo nazo huwapa watoto majina ya waliofariki. Kwa nini basi iwe vibaya kumpa paka wa pili jina la wa kwanza? Swali hili ni zito, na jibu lake limo ndani ya desturi yenyewe. Mtoto aliyerithi jina la babu hatarajiwi kuanza maisha kwa mkongojo. Anasimuliwa habari za babu ili ajue jina lake limetoka wapi, na hakuna anayemficha kwamba babu alikuwa mtu mwingine. Jina hupitishwa, nafsi haipitishwi. Paka anayepewa jina la aliyemtangulia kwa moyo huo hajadhulumiwa. Anayedhulumiwa ni yule anayepewa jina hilo ili ukweli ufunikwe. Hata hivyo, kwa kuwa wengi hushindwa kuuona mpaka huu wakiwa katika huzuni, lililo salama zaidi ni jina jipya.

Pingamizi lingine husikika mara kwa mara, na lina uzito wake: kwamba kumlilia paka na kutafuta wa kumfuata ni anasa ya walioshiba, katika nchi ambamo watu wengi hawana uhakika wa mlo wa jioni. Hicho ndicho kicheko cha majirani wa Hamdani. Lakini yafaa kuuliza ni nani hasa anayefuga paka nchini. Yupo muuza nafaka sokoni ambaye bila paka magunia yake hutobolewa na panya. Yupo bibi kizee wa kijijini anayemtupia paka vichwa vya omena. Paka wa mji wa kale wa Lamu wanaishi vichochoroni na gatini, wakingoja mabaki ya samaki, na wengi wao hawana mwenyewe mmoja. Uhusiano wa mtu na paka katika pwani na bara haukuletwa na utajiri, na huzuni haijawahi kuomba stakabadhi ya mshahara. Aidha, paka wa kupokewa si lazima anunuliwe. Chama kiitwacho kwa kifupi KSPCA, chenye makao yake mtaani Karen, Nairobi, na ambacho mizizi yake ni ya mwaka 1910, huwapokea mbwa na paka waliotupwa na kuwatafutia makao. Nje ya Nairobi, takriban kila soko lina paka jike mwenye vitoto nyuma ya kibanda.

Hapa ndipo suala hili linapowagusa wasomaji wa jarida hili moja kwa moja. Katika mabweni ya vyuo vikuu, si nadra kumwona paka anayelishwa na wanafunzi wa ghorofa nzima. Mara nyingi anayeanza kumlisha ni mwanafunzi aliyeacha paka nyumbani, au aliyepashwa habari kwa simu kwamba yule wa nyumbani amekufa. Anatafuta joto lile lile, na anastahili kueleweka. Lakini muhula hukatika. Milango hufungwa, jikoni hunyamaza, na paka aliyezoeshwa maziwa kwa miezi mitatu hubaki kwenye ngazi akilia nje ya vyumba vitupu. Wakati huo huwa amesahau kuwinda vizuri, na pengine ana mimba. Methali yasema paka wa nyumba haingwa. Huyu haingwi, ila nyumba yenyewe humkimbia. Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360 ya Sheria za Kenya, inautambua ukatili dhidi ya mnyama kuwa kosa. Kutelekezwa kwa paka aliyefundishwa kumtegemea binadamu ni ukatili, hata kama kulianza kwa wema. Mwanafunzi asiyejua paka huyo atakuwa wapi mwezi wa likizo hajawa tayari kumpokea. Afadhali amsaidie kumtafutia makao kuliko kumfanya tiba ya upweke wa muhula mmoja.

Ni lini basi wakati ufaao? Waswahili wana methali mbili zinazovutana: haraka haraka haina baraka, na chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Hakuna idadi ya siku inayoweza kuwekwa kwa watu wote. Lakini kuna dalili. Anayeweza kumtaja paka aliyekufa kwa jina bila kugeuza mazungumzo, na anayewatazama vitoto vya paka bila kutafuta sura ya yule, amekaribia. Anayeingia mahali pa kuchukua paka akisema anataka "kama yule", na arudi nyumbani kwanza.

Kuna pia sababu za kimwili za kungoja. Iwapo paka wa kwanza alikufa kwa ule ugonjwa wa virusi unaoleta kutapika, kuhara na kuangamiza chembe nyeupe za damu, virusi hivyo huweza kudumu sakafuni na katika malazi kwa muda wa hadi mwaka mmoja. Sabuni ya kawaida haiviui; jiki iliyochanganywa na maji huviua. Vyombo na malazi ya marehemu huyo ni heri vichomwe, na kitoto kipya kisiletwe kabla ya kuchanjwa. Yafaa kila paka achanjwe pia dhidi ya kichaa cha mbwa, ambacho licha ya jina lake huwapata paka na kuwaua binadamu. Kitoto kisitenganishwe na mama yake kabla ya wiki nane. Jike hufungwa kizazi na dume huhasiwa mapema, kwani jike huweza kushika mimba akiwa na umri wa miezi minne hadi sita, na huzaa baada ya takriban miezi miwili. Ikiwezekana, wachukuliwe wawili waliozaliwa pamoja: watachezeana, na hapana shaka kwamba itakuwa vigumu zaidi kwa mwenye nyumba kuwageuza wawili kuwa mmoja aliyekufa. Na ikiwa nyumbani amebaki paka mzee, mwenzake marehemu, basi wageni wawekwe kwanza katika chumba chao, azoee harufu yao kabla ya kuonana nao. Mzee huyo naye amefiwa, na hakuulizwa kama anataka wageni.

Neno "marehemu" limetumiwa hapo juu kwa paka, na yamkini baadhi ya wasomaji wamelitilia alama nyekundu. Asili ya neno hilo ni Kiarabu, na limejengwa juu ya rehema. Ikiwa kamusi haimruhusu paka kupewa jina hilo, angaa lugha itafute jina lake lingine, kwa kuwa wanafunzi na walimu wa Kiswahili ndio wenye jukumu la kuipa jamii maneno inayoyahitaji. Yaundwe majina ya kumtofautisha mnyama wa kupendwa na mnyama wa kuchinjwa, na kitenzi cha kumpokea paka kisichomfanya aonekane kama sarafu iliyookotwa njiani. Kabla ya hayo kukamilika, kuna neno moja ambalo lugha tayari inalo, fupi na lisilogharimu chochote. Mtu akisema kwamba paka wake amekufa, aambiwe "pole", kisha anayemfariji anyamaze. Habari za paka mwingine na aanze kuzisema mfiwa mwenyewe, siku atakayokuwa tayari kumpokea mgeni ambaye hatamwomba awe mtu mwingine.